Baba Rehema, usitie saini kwanza

Ndugu yangu Baba Rehema,

Salaam nyingi kutoka Houston. Sisi wazima, mtoto kaanza kukimbia na sasa hakamatiki. Shemeji hajambo? Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na ujumbe wako wa sauti wa juzi umeninyima usingizi.

Unasema yule bwana wa chuo cha mtandaoni kakupigia tena, anataka utie saini mkataba kwa kuwa nafasi za uuguzi zinaisha Ijumaa, na hutatoa hata senti moja kwa kuwa GI Bill, ile stahili ya masomo ya wanajeshi wanaotoka jeshini kama wewe, italipa kila kitu. Baba Rehema, chuo kizuri hakikupigii simu saa tatu usiku. Na si kweli kwamba hutoi kitu. Unatoa miezi. Umepewa 36 tu, na kila mwezi utakaousomea pale umekatwa humo, ufaulu usifaulu, shahada itambulike isitambulike.

Mkumbuke Idi, aliyesoma chuo kama hicho kwa GI Bill. Nilikwenda naye chuo cha umma kuomba uhamisho, ameshika matokeo yake kwenye bahasha ya kaki, alama safi kabisa. Yule mama wa usajili akapitisha kalamu taratibu kutoka juu mpaka chini, akaweka alama ya vema kwenye masomo mawili tu waliyoyakubali. Idi akauliza, "Na haya mengine?" Mama wa watu akamwangalia kwa huruma tu. Vyuo vya kibiashara kama ITT Tech vilipofungwa, 2016, wanafunzi wengi walikwama, na sheria ya 2017 ikaruhusu waliofungiwa vyuo kurudishiwa miezi yao. Lakini chuo cha Idi bado kiko wazi, kinatangaza kila siku. Kwa hiyo yeye hana cha kurudishiwa. Inaniuma mpaka leo.

Na hiyo Ijumaa ni yao, si yako. Aliyetoka jeshini kuanzia 1 Januari 2013 hana tena ule ukomo wa miaka 15 wa kuitumia GI Bill. Stahili yako haiozi. Toka jeshini kwanza, shika DD-214 yako, ile hati ya kutoka jeshini, mkononi, pumua.

Sasa hesabu ya nyumba, maana najua kodi ya Killeen ndiyo inakukimbiza. Ukisoma darasani, VA, idara ya maveterani, wanalipa posho ya nyumba ya mwanajeshi wa cheo cha E-5 (sajenti) mwenye familia, kwa kiwango cha eneo la chuo. Ukisoma mtandaoni mtupu unapata nusu ya wastani wa nchi nzima. Somo moja tu la kukaa darasani linakuvusha kwenye kile kiwango cha kwanza, mradi mzigo wako wa masomo uzidi nusu ya mzigo kamili. Yule bwana hakukwambia hilo, sivyo? Na kati ya muhula na muhula hawalipi, kwa hiyo Desemba iwekee akiba mapema.

Ada nayo: ukiwa na stahili kamili, chuo cha umma cha jimboni kwako inalipwa yote. Chuo binafsi kina kikomo kwa mwaka, na kinachozidi ni juu yako, labda kiwe kwenye Yellow Ribbon, mpango wa chuo na VA kuchangia ada iliyozidi, na kikubali kukuchangia. Central Texas College iko hapo hapo Killeen, ni ya umma. Nenda na rekodi yako ya mafunzo ya jeshi, uulize watakukubalia krediti ngapi kabla hujafungua daftari. Kuhusu uuguzi, swali ni moja: wahitimu wao wanaruhusiwa kukaa mtihani wa leseni hapa Texas? Ukizungushwa, ondoka.

Uliuliza kama ukishatoka unaweza kumwachia Rehema miezi yako. Haiwezekani. Uhamisho unaombwa ukiwa bado na sare, umeshatumikia miaka 6 na unakubali mingine 4. Sita unayo, lakini nne nyingine ulisema mwenyewe goti halikubali. Ila usikate tamaa, maana wewe uliingia jeshini kupitia hapa hapa Texas. Kuna Hazlewood, msamaha wa ada wa jimbo kwa maveterani: krediti 150 bila ada kwenye vyuo vya umma vya Texas, na usizotumia unaweza kumpa mtoto ambaye hajapita miaka 25. Utumie GI Bill wewe, Hazlewood abaki nayo binti. Nikifikiria Rehema anaingia chuo bila mkopo... basi, nitakuja mwenyewe kumbebea mabegi.

Ndiyo maana nasema usitie saini. Wakikusukuma, waambie una ndugu anataka kuusoma mkataba kwanza, waniletee mimi.



Sasa nijibu. Umeshawapa hao watu namba yako ya hifadhi ya jamii? Kuna karatasi yoyote umebofya "nakubali" kwenye simu? Fomu ya VA umejaza mwenyewe au wamejitolea "kukusaidia"? Goti umeliandikisha kwa daktari wa kambini kabla hujatoka? Likitambuliwa kuwa la kazini kuna mpango mwingine wa masomo, wa sura ya 31, na huenda hiyo 36 usiiguse kwa sasa. Shemeji anasemaje kuhusu kuhamia huku? Na Jumamosi utakuwepo nyumbani, nije na Idi mumsikie mwenyewe?

Ndugu yako,
Seif