Moto, barafu na kitufe cha katikati

Kibokoni, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, barua yako nimeipata, na nilicheka nilipofika pale unaposema kuwa mchawi wako katika mchezo wa video wa Final Fantasy XIV hufilisika mana, yaani nguvu za kurushia uchawi, kila mnapomfikia jitu la mwisho, kwa kuwa nami yalinipata hayo hayo.

Mchawi huyo, anayeanzia mjini Ul'dah akiitwa Thaumaturge na kuwa Black Mage afikapo levo ya 30, ana hali mbili: moto na barafu. Akiwa motoni, mapigo yake ya moto huunguza zaidi lakini hula mana maradufu, na mana hiyo, ambayo ikijaa ni 10,000, hairudi hata tone. Akihamia barafuni, mapigo hupungua makali ila mana hurejea. Basi rusha moto mpaka mana iliyobaki isitoshe kurusha mwingine, hamia barafuni, rusha barafu hadi mana ijae, kisha urudi motoni. Radi itie ukiwa barafuni, ili adui aendelee kuumia wakati wewe unajaza mana, na usiirudie kabla ya kukaribia kwisha.

Nadhani unapokosea ni kwenye kuhama. Ukirusha Fire, yaani pigo la moto, ungali barafuni, barafu huondoka tu na moto hauwaki, kwa hivyo umepoteza pigo zima. Kuhama ni kazi ya Transpose, unayoipata levo ya 4, nayo mimi nimeiweka kwenye kitufe cha Q, karibu na kidole, huku moto ukiwa 1, barafu 2 na radi 3. Wako wanaosema mpangilio wa vitufe si hoja, mimi siwasadiki.

La pili ni mkono kukaa bure. Baina ya pigo na pigo pana sekunde 2.5, nami nilikuwa nangoja mstari wa uchawi ujae kabisa ndipo nianze kutafuta kitufe. Aliyenizindua ni mama anayeuza viazi karai hapa mtaani kwetu: vya kwanza vikiwa bado vinachemka mafutani, vya pili amekwisha kuvichovya katika unga, na karai halikai tupu. Fanya vivyo hivyo, bonyeza pigo linalofuata katika nusu sekunde ya mwisho ya lile linalotangulia, nalo litashika zamu lenyewe. Nusu sekunde hiyo hiyo takriban ndiyo unayoweza kuanza kutembea bila uchawi kukatika, jambo litakalokufaa sana zikitokea zile alama za rangi ya machungwa chini ya miguu, zinazoonyesha adui atapiga wapi, maana mchawi anayekimbia ovyo hapigi kitu.

Mimi nilifanya mazoezi kwenye sanamu ya kupigwa, dakika kumi kila usiku baada ya sala ya isha, nikihesabu kwa sauti hata mamangu akauliza nadaiwa na nani. Kucheza bure kunaruhusiwa mpaka levo ya 70, kwa hivyo usiwe na haraka ya kulipa. Ukifika levo ya 35 utapata Fire III na Blizzard III, ambazo hukuhamisha zenyewe na kuiwasha hali mpya kwa ukamilifu, na hapo Q utaigusa mara chache.

Ijumaa usiku nitaingia na mganga wangu. Nikute langoni mwa Ul'dah.

Ni mimi sahibu yako.