Mfupa wa Kwanza Usiwe wa Mgonjwa: Wito wa Harambee

Ndugu, wazazi, wahitimu wenzetu, na nyote mliowahi kutuletea mnyama anayechechemea,

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo anapotoboa mfupa kwa mara ya kwanza, ili auunge kwa skrubu, kosa huja mwishoni. Ukuta wa kwanza wa mfupa unatoboka vizuri, ncha ya drili inapita kwenye uboho kama inayopita kwenye siagi, kisha inagota ukuta wa pili. Hapo anasukuma. Ukuta unaachia ghafla, drili inachupa mbele, na ng'ambo ya mfupa kuna mshipa wa damu au wa fahamu. Hili halifundishiki kwa maneno. Mkono wenyewe lazima uzoee kuhisi mfupa unapokaribia kwisha, na mkono haujui kingine ila kurudia.

Sisi wa shule ya udaktari wa mifugo tunaomba mtusaidie ili mkono huo usijifunzie kwenye mguu wa mbwa wa mtu.

Mwalimu wetu wa upasuaji wa mifupa anapasua, anafundisha na anafanya utafiti, na mara nyingi yote matatu hukutana kwenye meza moja. Mnyama yuko kwenye nusukaputi, na kila dakika inayoongezeka inamwongezea hatari. Pembeni yake mwanafunzi anaomba akaze walau skrubu moja. Mara nyingi mwalimu huichukua drili na kumaliza mwenyewe. Hatumlaumu, mgonjwa ndiye wa kwanza. Lakini matokeo yake ni kwamba tunahitimu tukiwa tumeona mifupa mingi ikiungwa, na tumeunga michache mno kwa mikono yetu.

Kwa hiyo jambo la kwanza tunalochangia ni chumba cha mazoezi: mifupa ya plastiki yenye ganda gumu na kiini laini, mabamba ya chuma, skrubu, drili, na ncha mpya za kutobolea. Tunasisitiza hizo ncha mpya. Leo tunafanyia mazoezi ncha zilizostaafu chumba cha upasuaji, na ncha butu hufundisha tabia mbaya: unabonyeza zaidi, unakaa muda mrefu zaidi, mfupa unapata moto. Mfupa ukifikia takriban nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu, chembehai zake huanza kufa. Skrubu iliyofungwa kwenye mfupa uliokufa italegea, hata kama siku ya upasuaji kila mtu alipiga makofi.

Jambo la pili ni bamba la kupimia hatua. Ni kifaa kinacholazwa sakafuni, mnyama anapita juu yake, nacho kinaandika anakanyaga kwa nguvu kiasi gani kwa kila mguu. Mbwa mzima wa afya hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Akiwa na goti lililokatika kano, jambo linalowapata mbwa wengi sana, huhamisha uzito kimyakimya, na jicho huweza kusema amepona wakati bado anaukwepa ule mguu. Mwenye mbwa anatamani apone. Mpasuaji naye anatamani kazi yake iwe imefaulu. Macho ya watu wawili wenye matamanio hayatoshi kuwa utafiti, na mwalimu wetu ndiye wa kwanza kulisema hilo kuhusu kazi zake mwenyewe.

Wapo watakaouliza kama fedha za harambee zinafaa kuelekezwa kwenye miguu ya wanyama. Tunawajibu kwa kisa cha farasi mmoja. Mwezi Mei 2006 farasi Barbaro, aliyekuwa ameshinda mbio za Kentucky Derby wiki 2 kabla, alivunjika mguu wa nyuma wa kulia uwanjani Baltimore, Marekani. Daktari Dean Richardson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliuunga kwa bamba na skrubu 27, na farasi akazinduliwa kutoka kwenye nusukaputi ndani ya bwawa la maji ili asijirushe akajivunja tena. Mfupa uliendelea kuunga. Kilichomshinda ni kwato: mguu mzima ulibeba mzigo wa mwenzake hadi tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato zikaharibika. Januari 2007 ilibidi alazwe usingizi wa milele. Baada yake watu walichangia utafiti wa maradhi hayo ya kwato, na maradhi hayo bado yanahitaji watafiti.

Faida pia huvuka kuja kwa binadamu. Katika miaka ya 1930 daktari wa mifugo Otto Stader alibuni chuma cha kushikilia mifupa ya mbwa kwa nje ya ngozi. Vita Kuu ya Pili ilipofika, wanamaji wa Marekani walikuwa wakitibiwa kwa kifaa hicho.

Mchango upelekwe kwa mhasibu wa shule, na kila mtoaji apewe stakabadhi. Anayetaka kutoa ahadi na kulipa kidogokidogo, tunaipokea. Kutoa ni moyo, na hatutatangaza nani ametoa kiasi gani. Vifaa vikinunuliwa, orodha yake itabandikwa mlangoni mwa chumba cha mazoezi, pamoja na bei ya kila kimoja.

Asiye na fedha anacho cha kutoa vilevile. Mnyama wako akifa kwa maradhi, unaweza kuturuhusu tujifunzie mwili wake, nasi tutamshika kwa heshima. Na kama una mbwa mzima asiyechechemea, tuletee siku moja apite mara chache juu ya bamba letu la kupimia hatua, likishanunuliwa. Bila hatua za walio wazima hatutajua wagonjwa wamerudi kiasi gani.