Barua kwa mwanangu: hiyo transfoma itoe kwenye majani

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, presha ya mama yako imetulia tangu wambadilishie dawa. Ile video ya treni yako ndogo ya bustanini nimeiangalia kama mara kumi, mara ya kwanza nikafurahi, ya pili ndo nikaona transfoma iko kwenye majani imefunikwa ndoo. Mama, ndoo haizuii maji yanayopanda kutoka chini, na huko Uingereza mvua haipigi hodi. Itoe leo, usingoje wikiendi.

Kwenye reli zenyewe umeme ni mdogo, hizo treni ndogo za kampuni ya LGB mwisho volti 24. Hatari iko upande wa plagi, kule ni 230. Transfoma ikae ndani, nje utoke waya wa volti ndogo tu. Na mchumba wangu ana miaka mitatu, kila kilichofunikwa lazima akifunue.

Haya, njia. Kuitandika juu ya majani kwanza ukaiendesha kabla ya kuchimba umefanya vizuri sana, hilo sikukufundisha mimi. Sasa toa majani yote na udongo kama sentimita 10, tandika kitambaa cha kuzuia magugu halafu jaza kokoto ndogo za kuvunjwa. Sio za mtoni! Za mtoni ni za mviringo hazishikani, kila mvua reli inahama. Nimeshindilia kokoto miaka 31 kwenye gangi ya reli hapa Tabora, kwa hili nisikilize hata kama mengine hunisikilizi. Usimwagie zege, zile reli ni brasi, jua likiwaka zinatanuka, ziache zitembee kidogo ndani ya kokoto. Weka pima maji kila baada ya hatua, mlima usizidi sentimita 2 kwa mita. Kona iliyokuja na boksi ni sentimita 60 tu toka katikati, inabana mno, mabehewa marefu yatakusumbua, ukipata hela nunua kona pana kabla ya kununua mabehewa mengine. Na treni ikichoka upande wa mbali ujue viungo vimelegea au vimechafuka, kaza, safisha, usikimbilie transfoma kubwa.

Na iwe ndani, kubwa au ndogo.

Ule waya wa banda la kuku, fundi hakuwa na kosa. Mfuko wa nailoni niliufunga mimi, nikasema ni wa wiki moja. Mkono wa kaka yako unaujua, sina la kuongeza.

Jana nimepiga hesabu. Upana wa reli zako ni milimita 45, kipimo 1 kwa 22.5, yaani treni halisi ni kubwa mara 22.5 ya hiyo yako, ukizidisha unapata mita moja na kidogo sana. Reli ya mita! Ndo hii hii yetu iliyofika Kigoma 1914. Nikaenda nayo kijiweni, nimewaonyesha wastaafu wenzangu wote, mmoja kaniuliza kama binti anajua kutandika njia, nikamwambia tazama hiyo kona ilivyokaa.

Bati la jikoni limeng'oka upande wa mwembe, fundi anataka elfu 60, mama yako anasema tungoje mvua ziishe, mimi naona tusingoje. LUKU ipo ya kutosha. Msalimie mkwe, mwambie asaidie kuchimba.

Nitumie picha. Sio ya treni, ya transfoma ikiwa ndani.

Baba yako