Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Mwaka huu chama chetu kilijiuliza kwa nini dola humeza falme za jirani na nini hufuata baada ya hapo. Tulianzia Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka hapa Iringa mjini, tukasimama kimya mbele ya kioo kinacholihifadhi fuvu la Mtwa, yaani mtawala, Mkwawa wa Wahehe.

Mheshimiwa, sisi wenyeji huanza kuisimulia habari hii Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski, na tuna haki ya kujivunia. Lakini tukirudi nyuma kidogo tunakuta kwamba Uhehe nao ulikuwa dola iliyokua kwa kumeza wengine: Munyigumba, babaye Mkwawa, aliwaweka watemi wadogo chini ya kiti kimoja, na majirani zao Wasangu wakaishia kufukuzwa kutoka Utengule kwao. Njia za misafara ya pembe za ndovu, mifugo na hofu ya jirani anayepata nguvu ndivyo vilivyowasukuma Wahehe, na Wajerumani nao hawakuja na sababu ngeni sana. Ndiyo maana walipopanda nyanda hizi walimkuta Merere, mtawala wa Usangu, yuko tayari kushirikiana nao, naye akarejea Utengule kwa msaada wao. Jambo hili darasani hupitwa haraka mno.

Kalenga, makao ya Mkwawa yenye ngome, ilitekwa na Wajerumani mwishoni mwa Oktoba 1894. Ngome ilichukua siku chache, nchi ikachukua karibu miaka minne ya kumsaka Mkwawa. Mpangile, nduguye Mkwawa, alitawazwa na Wajerumani, na haukupita muda wakamuua wao wenyewe kwa kumshuku. Mkwawa alijiua Julai 1898, kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ukaagiza Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu hilo katika miezi sita, nalo likarudi Kalenga mwaka 1954.

Mheshimiwa, changamoto yetu ni usafiri, kwani upande wa Wasangu tumeusoma vitabuni tu. Tunaomba utuchangie mafuta ya basi kwa safari moja ya Utengule, wilayani Mbarali, tukawasikilize wazee wa huko, ambao huenda kuanguka kwa Kalenga wanakusimulia kwa sauti tusiyoizoea huku kwetu.

Naomba kuwasilisha.