Risala ya Waokoaji wa Kujitolea wa Mwalo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzuia Kuzama Maji Duniani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Ukerewe, Mgeni Rasmi wa shughuli yetu, Mheshimiwa Diwani, Afisa Mtendaji wa Kata, Mganga Mfawidhi wa zahanati, Mwenyekiti wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia rasilimali za uvuvi, na kamati yako, viongozi wetu wa dini, manahodha, wavuvi na akina mama wa dagaa, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleykum!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukakutana hapa ufukweni. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali kuvuka maji na kuja kwetu. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tumeichagua tarehe 25 Julai kwa makusudi. Tangu mwaka 2021 Umoja wa Mataifa umeitenga siku hii kuwa Siku ya Kuzuia Kuzama Maji Duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka huo huo wa 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani kote, na wengi mno kati yao ni wa nchi zenye kipato kama chetu. Lakini sisi wa Ukerewe hatuhitaji takwimu za dunia ili tuamke. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimebakiza meta chache kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Wapo tuliowazika, na wapo waliokaa hapa mbele yako leo wakiwa na majina ya ndugu zao moyoni. Mungu aendelee kuwapumzisha.

Waliofika kwanza siku ile walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Miaka minne baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyobeba watu 43 ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wa kwanza kuifikia walikuwa tena wavuvi, wengine wakiwa na makasia tu. Watu 24 walitoka hai, 19 wakafariki. Hivyo ndivyo ilivyo ziwani: mwokoaji wa kwanza ni yule aliye jirani na tukio. Hana sare wala gari la king'ora, na mara nyingi hajawahi kufundishwa afanye nini baada ya kumtoa mtu majini. Kikundi chetu kilianzishwa kwa sababu hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mafunzo haya ya huduma ya kwanza tumeyafanya katika siku za mbalamwezi, wakati vyombo vya dagaa vimepaki na vijana wapo nchi kavu. Mkufunzi wetu ni muuguzi wa siku nyingi, na tunamshukuru kwa uvumilivu wake. Naomba uniruhusu nieleze kidogo tulichojifunza, kwa sababu wapo hapa wazee na wazazi ambao hawakuhudhuria, na jambo hili linawahusu pia.

La kwanza tulilofundishwa ni kutokujitupa majini ovyo. Wahenga walisema mfa maji hukamata maji, na ndivyo ilivyo: atakukumbatia shingoni mzame wote wawili. Kwa hiyo unamnyooshea kasia, au unamrushia kamba yenye dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri, au unamfuata kwa mtumbwi. Dumu lile la mafuta, ambalo kila nyumba hapa inalo, linatosha kumweka mtu mzima juu ya maji hadi afikiwe. Tukaambiwa pia kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kinazama na kuibuka, mdomo unatafuta hewa, basi, na watu walio hatua chache wanadhani anaogelea. Akina mama mnaofua na watoto pembeni, tunawaomba mlizingatie sana hilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Naomba nikae kidogo kwenye jambo la pili, maana ndilo lililotuuma zaidi. Katika mialo yetu, mtu akitolewa majini hapumui, tumezoea kumning'iniza kichwa chini miguu juu, au kumlaza kifudifudi na kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Tumeona watoto wakifanyiwa hivyo mbele ya macho yetu. Waliofanya walifanya kwa upendo, tena kwa nguvu zao zote. Mkufunzi alitueleza kwamba hata Ulaya walipita njia hiyo hiyo: mwaka 1767 mjini Amsterdam kiliundwa chama cha kuokoa waliozama kwenye mifereji ya mji ule. Walihimiza kumpulizia mtu pumzi, lakini zama zile pia waliozama walibingirishwa juu ya mapipa. Mapipa yaliachwa zamani, pumzi ikabaki.

Ukweli ni kwamba kinachomuua aliyezama ni kukosa hewa. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6, na kila sekunde anayoning'inizwa ni sekunde ambayo hapati hewa. Isitoshe, kukandamiza tumbo kunatoa matapishi ambayo yanaingia kwenye mapafu. Kutoka tunakotega nyavu hadi Hospitali ya Wilaya pale Nansio, hata kwa injini nzuri na ziwa likiwa shwari, hakuna anayefika kwa dakika 6. Hata pale Bwisya, ambako leo kuna kituo cha afya kilichojengwa kwa fedha za rambirambi za ajali ile, mgonjwa lazima afikishwe akiwa bado na uhai. Dakika zile za mwanzo ni za kwetu sisi tulio kwenye mtumbwi.

Basi tunachofanya ni hiki. Unamlaza chali juu ya kitu kigumu. Kwenye mtumbwi ni kwenye mbao, siyo juu ya nyavu, kwa kuwa nyavu zinabonyea na nguvu zako zinapotea. Unamwita, unampigapiga begani. Haitiki. Mwenzako anapiga simu, 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji, nawe unainamisha kichwa chake nyuma na kuinua kidevu, unaangalia kifua na kusikiliza pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10. Akiwa hapumui, au anakoroma kwa kushtukashtuka tu, hiyo siyo pumzi. Unambana pua, unampulizia mara 5 huku ukitazama kifua kinainuka. Povu likitoka usipoteze muda kulifuta, endelea. Kisha unaweka viganja vyako katikati ya kifua, mikono imenyooka, unakandamiza mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hivi, ukiacha kifua kirudi juu kila mara, halafu pumzi 2, na kurudia. Akitapika unamgeuza ubavu, unasafisha mdomo, unamrudisha chali na kuendelea. Mtoto mchanga unamfunika mdomo na pua kwa pamoja kwa mdomo wako, unapuliza kidogo tu, na kifua chake unakizungushia viganja na kukikandamiza kwa vidole gumba viwili hadi theluthi moja ya unene wake.

Mwendo unaotakiwa ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Hapo tulipata shida, kwa sababu ukihesabu "kumi na saba, kumi na nane" ulimi unachelewa na mikono inachelewa nao. Kijana mmoja wa dagaa akapendekeza tuhesabu moja hadi kumi mara tatu. Imefanya kazi vizuri sana, na sasa kikundi kizima kinahesabu hivyo. Tunapokezana kila baada ya dakika 2, kwani hata mvuta nyavu mwenye misuli huchoka, na akichoka mikandamizo inakuwa ya juu juu.

Akizinduka tunamlaza ubavu, tunamvua nguo mbichi, tunamfunika khanga au blanketi na kumpeleka hospitali, hata akisema yuko sawa. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumzidi saa kadhaa baadaye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Yapo mambo tunayokuomba utusaidie. Mazoezi yote tumefanya kwa sanamu tuliyoishona wenyewe: fulana iliyojazwa nguo kuukuu, na ndani yake chupa ya plastiki ya maji yenye kizibo, ili ukibonyeza ibonyee na kurudi. Kwa mikandamizo imetufaa. Kwa pumzi haifai kabisa, kwa kuwa kifua chake hakiinuki, na kwa aliyezama pumzi ndiyo ya kwanza. Tunaomba tupatiwe sanamu halisi ya mazoezi, moja ya mtu mzima na moja ya mtoto mchanga, ikae zahanati na itumiwe na mialo ya jirani pia. Tunaomba vilevile mkufunzi arudi kila baada ya miezi sita, maana ujuzi huu usiporudiwa unapotea ndani ya miezi michache tu.

Jaketi okozi zipo kwenye baadhi ya mitumbwi, lakini zimelaliwa chini ya madumu. Zinavaliwa boti ya doria ikionekana. Tunakuomba, pamoja na BMU na wenye vyombo, liwe sharti kwamba chombo hakishuki majini usiku kabla kila mtu hajavaa ya kwake, na mwenye chombo ndiye azinunue, asimkate mvuvi kwenye mgao.

Na kuna woga. Wapo watu wema hapa wanaoogopa kumgusa aliyezama kwa kuhofia kuulizwa maswali polisi, au kuzungushwa kutafuta PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, huku mgonjwa anaishiwa nguvu. Wapo pia wanaoona aibu mwanamume kumpulizia mwanamke pumzi. Hili la aibu tumeanza kulizungumza na viongozi wetu wa dini, na tunawashukuru kwa jinsi walivyotupokea. Lile la polisi linahitaji sauti yako. Tunakuomba utamke leo, mbele ya mkutano huu, kwamba anayemleta majeruhi ni msaidizi na atapokelewa kama msaidizi, na kwamba mgonjwa ahudumiwe kwanza, karatasi zifuate.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wahitimu wako tayari pale kwenye maji, wawili kwenye mtumbwi na wawili ufukweni, pamoja na dumu na kamba. Baada ya risala hii tunakuomba usogee nasi uone uokoaji ukifanyika kuanzia majini hadi mikandamizo, kisha uwakabidhi vyeti vyao.

Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya waokoaji wa kujitolea wa mwalo.