Kiti tunacho, zamu ya kusema hatuna

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mjumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chetu huku Rombo, muhula wa pili sasa. Tuko saba, wanawake watatu, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyotaka. Hata akidi ni wajumbe wanne, wawili kati yao wanawake. Kwa hiyo sisi wanawake tukichelewa kwa kukamua ng'ombe, wazee hutusubiri. Heshima yetu inaishia hapo.

Kikao kikifunguliwa na wagomvi wakasikilizwa, mwenyekiti hutoa maoni yake kwanza. Akishasema mzee, nani atafungua mdomo? "Naunga mkono." "Na mimi pia." Daftari la kumbukumbu nalishika mimi, maana nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu unasifiwa sana. Anayeandika, Mhariri, mkono wa kunyoosha hana.

Mwaka jana mwenyekiti alilazwa. Tulikuwa na shauri la ndugu wawili wa baba mmoja, wakigombea hatua tatu za kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo. Masale, mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, yaling'olewa usiku, kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole. Vikao vitatu vilikwisha bila jibu. Basi bibi mmoja kati yetu, aliyepita miaka sabini, akaombwa aongoze. Yeye maoni yake aliyaweka kando. Alianza na mjumbe mdogo kuliko wote, akapanda hivyo hivyo mpaka kwa wazee. Kisha akatutoa ofisini, tukaenda shambani, akaita wake wa wale ndugu, mmoja baada ya mwingine: "Mwanangu, wewe majani ya ng'ombe unakata mpaka wapi?" Wote wawili walisimama kwenye mgomba ule ule. Vikao vyote vile hakuna aliyewahi kuwauliza, nami nikiwemo.

Saa nane mchana tulikuwa tumemaliza. Masale mapya yalipandwa siku ile ile, na mkubwa akamkabidhi mdogo wake jani la sale. Kwetu Wachaga, anayekuomba msamaha kwa sale humkatalii.

Sisemi kwamba mwanamke akiongoza mambo hunyooka. Nimefundisha chini ya mwalimu mkuu mwanamke ambaye vikao vyake alivihutubia, akavijibu na kuvifunga peke yake. Ninachosema ni kwamba kazi ya Baraza ni kusuluhisha, na watu saba wanaosubiri mmoja aseme ni sawa na mtu mmoja.

Mwenyekiti amepona, tunamshukuru Mungu, na "naunga mkono" imerudi. Nimependekeza uongozi wa kikao uwe wa zamu, shauri kwa shauri, na anayeongoza asitoe maoni mpaka wenzake sita wameshasema. Nimejibiwa kwamba hoja ni nzuri, itajadiliwa kikao kijacho. Nimeambiwa hivyo mara mbili. Zote nimeziandika kwenye daftari, na tarehe zake.

Mwalimu mstaafu,
Rombo, Kilimanjaro