Malalamiko kuhusu Programu ya Kuchora Miundo ya Kemikali

Mwalimu wa Kemia,
Shule ya Sekondari,
Tabora.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MICHORO YETU KUFUNGIWA NDANI YA PROGRAMU YENU YA BURE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangazo lenu lilisema wazi kwamba walimu na wanafunzi wangeitumia programu hii bure, bila kikomo cha muda, na kwa msingi huo tukahamishia humo michoro yote ya kemia ogani, kuanzia methani hadi kwinini. Baada ya sasisho la muhula huu, programu hiyo hiyo inajiita toleo la majaribio, haifunguki bila intaneti, na kila mchoro unaochapwa hupigwa maandishi ya kijivu katikati.

Maandishi hayo yametuharibia mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne. Mashine ya kudurufu iliyageuza kuwa doa jeusi lililofunika mmoja wa mistari miwili ya bondi maradufu inayounganisha kaboni za etheni, bondi ambayo ndiyo humenyuka na bromini, na mtahiniwa aliyeulizwa kwa nini kampaundi ile huondoa rangi ya maji ya bromini akabaki akitazama ethani, yenye bondi moja tu kati ya kaboni zake, iliyopungukiwa haidrojeni. Sijui msahihishaji mwadilifu angemnyimaje alama.

Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, ni faili. Awali tuliweza kuhifadhi mchoro katika muundo wa MOL, ambao ni maandishi matupu yanayoorodhesha atomu, mahali zilipo na bondi zinazoziunganisha, na ambao husomwa na programu nyingi za aina hii. Sasa sehemu hiyo ya menyu imezimwa hadi tulipe, nayo michoro imebaki katika faili zinazofunguliwa na programu yenu peke yake. Mtaniambia cha bure hakina dai. Ningekubali iwapo mngetoza huduma mpya, lakini michoro hii ni kazi ya walimu, nanyi mmekaa mlangoni tu. Programu huria kama BKChem zipo, na tungehamia huko bila kinyongo kama mngeturuhusu kutoka na mizigo yetu.

Naomba mturudishie uwezo wa kuhifadhi kwa MOL bila malipo, au mtupatie toleo la awali lisilodai intaneti, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Bei ya toleo jipya tutaizungumza baadaye, faili zikiwa mikononi mwetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kemia